Usiuziwe mondo kwenye boksi

NAANDIKA makala haya kwa ajili ya wenzangu tunaovuka Nimule na Elegu kufuata mzigo, na kwa wale waliorudi nyumbani majuzi wakaanzisha duka dogo. Ni habari ya paka, lakini ni habari ya mtaji pia.

Mimi ninauza unga wa mahindi katika soko la Konyo Konyo, hapa Juba. Kiswahili nilikipata kambini Kakuma, biashara nilijifunza baada ya kurudi. Adui yangu mkubwa ni panya. Akitoboa gunia moja, hasara haiishii kwenye gunia hilo, maana mteja akiona kinyesi cha panya harudi tena.

Siku moja asubuhi kijana mmoja alinijia na boksi. Ndani mlikuwa na mtoto wa paka wa rangi ya manjano, mwenye madoa meusi na miguu mirefu. Aliniambia huyo ni "savana", paka wa kifahari anayenunuliwa na Wamarekani kwa maelfu ya dola.

"Mama, leo atakulia panya wako. Akikua mpeleke Kampala, fedha yako itarudi mara kumi," alisema. Alitaka dola 150. Nilikuwa nazo, lakini zilikuwa za kununulia mzigo.

Nikiwa bado nahesabu, jirani yangu wa kibanda, mzee mzaliwa wa Tonj, aliinama akachungulia. Akanionyesha masikio makubwa yaliyosimama, meusi kwa nyuma yenye baka jeupe, na mkia mfupi kuliko wa paka. "Binti yangu, huyu si paka," alisema. "Huyu ni mondo."

Mzee alikuwa sahihi. Savana yupo kweli, lakini haokotwi porini. Wa kwanza alizaliwa Marekani mwaka 1986, pale mfugaji Judee Frank alipompandisha mondo dume kwa paka jike wa aina ya Siamese. Chama cha kimataifa cha TICA kilimruhusu savana kushindania ubingwa kwenye maonyesho yake mwaka 2012. Wa kizazi cha kwanza huweza kuuzwa hadi dola 20,000, kwa sababu ni adimu: mimba ya mondo huchukua siku nyingi kuliko ya paka, na madume wa vizazi vya mwanzo huwa hawazai.

Savana ni mrefu, huruka juu sana, hupenda maji, na humfuata mwenye nyumba kama mbwa. Lakini upole huo ametoka nao kwa paka wa nyumbani. Mondo mwenyewe, hata akilelewa kwa chupa, hubaki mnyama wa mwituni. Dume hufika kilo 18, huruka zaidi ya mita 2, na hukojoa kila kona kuweka mipaka yake. Hebu fikiria mkojo huo juu ya magunia ya unga!

"Kwetu watoto walifuga kimburu, si mondo," mzee aliendelea. Jambo hilo liliandikwa zamani. Mjerumani Georg Schweinfurth, mtaalamu wa mimea aliyezunguka Bahr el Ghazal kati ya mwaka 1868 na 1871, aliwakuta wenyeji wakikamata kimburu wadogo na kuwazoesha kukaa nyumbani. Naye akapata kadhaa. Aliwafunga siku chache hadi wakatulia, kisha usiku akawa anawafunga kwenye vifurushi vya mimea yake, akalala bila hofu ya panya.

Kimburu ana rangi ya mchanga, mistari hafifu, masikio mekundu kwa nyuma na mkia wenye ncha nyeusi. Mwaka 2007 watafiti wa vinasaba walionyesha kuwa paka wote wa nyumbani duniani wametokana na kimburu wa Mashariki ya Kati, ambaye ni wa jamii moja na wetu. Kwa hiyo yule paka mnyonge anayelala chini ya meza yako naye ana asili ya porini. Kazi ya kumfuga ilikwishafanywa maelfu ya miaka iliyopita. Hakuna haja ya kuianza upya kwa kumwibia mama porini.

Na mpakani je? Uganda na Kenya ni wanachama wa mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya wanyamapori, na mondo yumo kwenye orodha yake. Bila kibali, utapoteza mnyama na mtaji, na huenda ukalala mahabusu.

Nilimwambia kijana amrudishe pale alipomtoa, kwani huenda mama yake alikuwa bado anamtafuta. Alicheka, akafunga boksi, akaelekea kibanda kingine. Mpaka leo najilaumu kwamba sikuwaita askari wa wanyamapori.

Jioni mama muuza chai alinipa paka wa kawaida, jike, bure. Nilimlipa kilo mbili za unga. Sasa ni mwezi wa tatu, na hakuna gunia lililotobolewa. Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Mimi naongeza: ukitaka paka, chukua paka, mondo mwachie nyika yake.