Kumlaza Mtoto kwa Dawa ili Apimwe Usikivu: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuondoka Babati

Mzazi wa Babati akiambiwa kwamba huenda mtoto wake hasikii, safari yake mara nyingi haiishii mjini hapa. Hupewa barua ya rufaa ya kwenda hospitali ya KCMC mjini Moshi, kilomita 250 hivi kupitia Arusha, au Muhimbili, Dar es Salaam, ambako tangu mwaka 2017 watoto viziwi hupandikizwa vifaa vya kuwawezesha kusikia. Mzazi huulizia nauli, mahali pa kulala na bima. Swali ambalo wengi hawaliulizi ndilo lenye uzito kuliko yote: mtoto atalazwaje ili apimwe, na nani atakuwa anamwangalia akiwa usingizini?

Kwanza tujue kwa nini inabidi alale. Kipimo tunachokitegemea zaidi kwa watoto wadogo huitwa ABR. Vipande vidogo vya kunasa umeme hubandikwa kwenye paji la uso na karibu na masikio, kisha milio mifupi hupigwa sikioni, maelfu kwa maelfu, huku mashine ikisoma umeme unaopita kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia hadi kwenye shina la ubongo. Umeme huo ni mdogo mno: haufiki sehemu moja ya milioni ya volti. Mtoto akilia, akitafuna au hata akikaza shingo, misuli yake hutoa umeme mwingi zaidi unaofunika kile tunachokitafuta. Majibu yakichafuka tunaweza kumwita kiziwi mtoto anayesikia. Kazi yote huchukua nusu saa hadi saa nzima, wakati mwingine zaidi, na mtoto wa miaka miwili hawezi kutulia muda wote huo akiwa macho.

Hata hivyo, si kila mtoto anahitaji dawa. Mtoto aliye chini ya miezi sita, akicheleweshwa kulala asubuhi hiyo kisha akanyonyeshwa kwenye chumba cha kipimo, kwa kawaida husinzia mwenyewe na hupimwa katika usingizi wake wa asili. Kuanzia miezi sita au saba, anayeweza kukaa na kugeuza shingo hupimwa akiwa macho, kwa kufundishwa kugeukia sauti ili aone mwanasesere anayewaka taa. Akikaribia miaka mitatu, anaweza kuchezeshwa: kila asikiapo mlio, anatumbukiza kokoto kwenye kikopo. Kipo pia kipimo cha dakika chache kinachosikiliza mwangwi wa sikio lenyewe, nacho kinataka utulivu tu. Dawa ni ya mtoto ambaye njia hizi zimeshindikana kwake au hazikutoa jibu la kuaminika.

Ndiyo maana kuwahi ni sehemu ya usalama. Mwongozo unaofuatwa na wataalamu wengi duniani unataka mtoto achunguzwe kabla ya kutimiza mwezi mmoja, tatizo lithibitishwe kabla ya miezi mitatu, na msaada uanze kabla ya miezi sita. Anayefikishwa na miezi miwili huhitaji ziwa la mama tu. Huyohuyo akiletwa na miaka miwili na nusu atavuta nyaya, atapiga mateke, na huenda tukalazimika kumpa dawa. Kama mtoto wako alizaliwa njiti, alichelewa kulia, alipata manjano kali au homa ya uti wa mgongo, usisubiri aonekane hazungumzi. Omba apimwe sasa. Baada ya homa ya uti wa mgongo haraka ni kubwa zaidi, kwa sababu sikio la ndani linaweza kuanza kujaa mfupa na kuziba njia ya kifaa cha kupandikizwa.

Dawa ikihitajika, ifahamike kwamba kumlaza mtoto si sawa na kumpa nusu kaputi, lakini mpaka kati ya hali hizo mbili ni mwembamba. Mtoto hupita kutoka utulivu hadi usingizi mwepesi, na anaweza kuteleza hadi usingizi mzito bila ishara yoyote kwa asiyejua kuangalia. Njia yake ya hewa ni nyembamba, ulimi wake ni mkubwa kulingana na kinywa chake, na akiba yake ya oksijeni huisha upesi kuliko ya mtu mzima.

Dawa ya zamani katika kazi hii ni klorali haidreti, iliyoanza kutumika kuleta usingizi mwaka 1869. Hunyweshwa, haihitaji sindano, lakini haina dawa ya kuizima, na mabaki yake hukaa mwilini saa nyingi, hivyo mtoto aliyekwisha kuamka anaweza kuzama tena usingizini. Midazolamu ina dawa ya kuizima. Deksimedetomidini inaweza kutolewa puani na huathiri upumuaji kwa kiasi kidogo kuliko nyingine. Hata hivyo, hakuna iliyo salama kwa jina lake tu. Mwaka 2000, Charles Coté na wenzake nchini Marekani walichapisha uchambuzi wa matukio 95 mabaya ya watoto waliopewa dawa za kuwalaza. Watoto 51 walikuwa wamefariki. Dawa zilizohusika zilikuwa za aina nyingi. Kilichojirudia ni kipimo kuzidi, dawa kuchanganywa, na kukosekana kwa uangalizi na uokoaji wa haraka.

Kwa msafiri wa Babati, hatari huanza kabla hajafika hospitali. Wapo wanaompa mtoto Piriton au Phenergan nyumbani ili afike amechoka. Usifanye hivyo kamwe. Promethazini, iliyomo kwenye Phenergan, haitakiwi kwa mtoto wa chini ya miaka miwili kwa sababu inaweza kumzuia kupumua, na dawa yoyote ya usingizi uliyompa nyumbani itajumlishwa na ile ya hospitali.

Hatari ya pili ni basi la kurudi. Mtoto mwenye mabaki ya dawa, akifungwa mgongoni kwa kanga, kidevu kikaangukia kifuani, njia ya hewa inaweza kujifunga huku mama akidhani amelala tu. Asipande basi siku hiyohiyo. Panga kulala huko usiku mmoja, na fedha ya malazi uihesabu kama sehemu ya gharama ya kipimo. Hata hapo mtoto asiruhusiwe kutoka hospitali kabla hajaamka sawasawa, akakaa na kunywa kama kawaida yake.

Kabla ya kuondoka Babati, masikio yaangaliwe hospitali ya Mrara au kwenye kituo cha afya kilicho karibu. Nta au usaha unaweza kuharibu kipimo, na mtoto akawa amelazwa bure. Akiwa na mafua au kikohozi, piga simu uahirishe. Mweleze daktari kama mtoto hukoroma, ana mafindofindo, ana ugonjwa wa moyo au amewahi kupata degedege, na taja kila dawa anayotumia. Kuhusu kula, kanuni ya kawaida kabla ya dawa ni saa sita bila uji, maziwa ya ng'ombe au chakula kingine, saa nne bila maziwa ya mama, na saa mbili bila maji. Fuata maelekezo ya hospitali yako, na usimpe kitu stendi kwa kumwonea huruma.

Mkifika, uliza bila woga: “Daktari, mmempima uzito leo? Nani kazi yake ni kumwangalia mtoto tu, si kuendesha mashine? Kipima oksijeni cha kidoleni kipo? Oksijeni, mashine ya kuvuta makohozi na mfuko wa kumpulizia hewa vipo chumbani humu?” Mtaalamu mwema hatachukia kuulizwa hivyo. Jibu likiwa hapana kwa swali lolote, kipimo kiahirishwe hadi vitu hivyo vipatikane. Mtoto anaweza kupangiwa siku nyingine ya kupimwa. Pumzi ikikatika bila mtu kuona, hakuna siku nyingine.