Je, Wajua? Kapasita Iliyovimba Huweza Kuzima Runinga Nzima
Runinga bapa inayokataa kuwaka, au ambayo taa yake ya mbele humetameta bila picha kutokea, mara nyingi huwa na kioo kizima, na hitilafu yake hutokana na kapasita, yaani kijenzi kidogo chenye umbo la mkebe kinachohifadhi chaji na kutuliza umeme katika bodi ya umeme. Ndani ya kapasita ya elektroliti mna kimiminika ambacho, kikipashwa joto kwa miaka mingi, hukauka au hutoa gesi, na ndipo kichwa cha mkebe kinapovimba. Kapasita mpya ya kuchukua nafasi yake sharti iwe na maikrofaradi zile zile, volti zisizopungua za awali na uwezo wa kustahimili joto, aghalabu nyuzi 105 za Selsiasi, tena ilehemiwe kwa kuzingatia ncha chanya na hasi. Hata hivyo, kapasita kuu huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata plagi ikishachomolewa. Kwa hiyo ni lazima iondolewe chaji kupitia rezista, yaani kijenzi kinachozuia mkondo, kisha ithibitishwe kwa multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, kuwa haina chaji kabla ya kuguswa, kwa kuwa uhai wa fundi una thamani kubwa kuliko runinga yoyote.