Nani anamlinda anayeosha vyombo katika kabine ya meno?

Mgonjwa anayeingia katika kabine ya meno mjini Goma, Bukavu ama Butembo huangalia kwanza mikono ya daktari: je, amevaa glavu mpya, na sindano imefunguliwa mbele yangu? Ni maswali ya haki. Lakini katika chumba cha nyuma, kwenye beseni, kuna mtu ambaye mgonjwa hamuoni. Ni msaidizi, mara nyingine kijana aliyejifunza kazi kwa kutazama tu, na ndiye anayepokea koleo na sindano zikiwa bado na damu.

Wengi wakijichoma huwaza ukimwi. Ni hofu inayoeleweka, ila hesabu za waganga zinaonyesha hatari nyingine iliyo kubwa zaidi. Kati ya watu 1000 waliochomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye virusi vya ukimwi, karibu 3 ndio huambukizwa. Kwa hepatiti B, ugonjwa wa ini, mtu asiye na chanjo anaweza kuambukizwa mara 6 hadi 30 katika kila 100. Tena virusi hivyo huweza kuishi siku 7 kwenye damu iliyokaukia juu ya meza.

Chanjo ipo: sindano 3 ndani ya miezi 6. Nchini Marekani, tangu mwaka 1991, sheria inamlazimisha mwajiri kuitoa bure kwa kila mfanyakazi anayeweza kugusa damu, pamoja na anayeosha vyombo. Mwenye kabine anayenunua kiti cha kisasa kwa maelfu ya dola hawezi kusema kwamba chanjo ya msaidizi wake ni ghali.

Mambo mengine hayaombi pesa nyingi. Sindano iliyotumika haifunikwi kwa mikono miwili. Anayeitumia ndiye anayeitupa, palepale, ndani ya boksi gumu ambalo hufungwa likijaa robo tatu. Vyombo huoshwa kwa brashi yenye mpini mrefu na glavu nene za usafi, si zile nyembamba za kumtibia mgonjwa. Macho nayo yakingwe, kwa sababu maji ya beseni huruka.

Kisha kuna swali la umeme. Kuchemsha vyombo kwenye sufuria hakutoshi: kuna vijidudu vinavyovumilia maji yanayochemka. Otoklavi hutumia mvuke wenye joto la nyuzi 121 kwa dakika 15 hivi ama zaidi, na dakika hizo huhesabiwa baada ya joto hilo kufikiwa. Umeme ukikatika katikati, kazi inaanza upya, hata kama wagonjwa 5 wanangoja kwenye benchi. Hapo ndipo msaidizi hubanwa: akitii kanuni, anaonekana mzembe. Mashine yenyewe pia hupimwa. Mwaka 2013, mjini Tulsa, Marekani, wagonjwa karibu 7000 wa daktari mmoja wa meno waliitwa kupimwa damu baada ya wakaguzi kukuta, pamoja na makosa mengine, otoklavi ambayo haikuwa imepimwa kwa miaka.

Aliyejichoma anaosha jeraha mara moja kwa maji na sabuni, bila kulikamua, kisha anakwenda kituo cha afya. Dawa za kuzuia ukimwi huanzwa haraka iwezekanavyo, kabla ya saa 72 kupita, na humezwa kwa siku 28. Wengi hunyamaza kwa kuogopa kufukuzwa, na saa hizo zinapita.

Kanuni ya kazi ya Kongo, sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamtaka mwajiri kulinda afya na usalama wa wafanyakazi wake. Jeraha la sindano kazini ni ajali ya kazi, na ajali ya kazi inatangazwa kwenye CNSS. Lakini msaidizi asiye na mkataba, ambaye jina lake haliko kwenye daftari lolote, atatangazwa na nani?