Mvua Ikinyesha, Anza Kuhesabu Wiki



Mwezi huu tunazungumza juu ya mvua. Mkulima huitazama mvua kwa ajili ya mahindi na maharage. Sisi wauguzi huitazama pia, maana hutuambia malaria itaongezeka lini.

Milima yetu ya Usambara hainyeshewi sawasawa. Amani, juu ya bonde la mto Sigi, hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka. Lushoto mjini hupata zaidi kidogo ya 1,000. Milimita moja ni sawa na lita moja ya maji katika kila mita moja ya mraba ya ardhi. Masika huanza Machi hadi Mei, na vuli Oktoba hadi Desemba.

Wazee wetu wana njia zao za kuijua mvua. Humsikiliza dudumizi, hutazama miti inavyochipua na upepo unakotoka. Katika miaka ya 2010 wataalamu walikusanya dalili za wazee wa Lushoto ili kuzilinganisha na utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Tusidharau elimu hiyo. Robert Koch, daktari Mjerumani, alipofika Usambara mwishoni mwa miaka ya 1890, alikuta Wasambaa wanajua kwamba anayeshuka nyikani huumwa na mbu, kisha hupata homa. Mdudu na homa waliviita kwa jina moja: mbu. Wakati huo madaktari wa Ulaya walikuwa bado wanabishana juu ya jambo hilo.

Je, kwa nini homa haiji siku ile ile ya mvua? Fuateni hesabu hii:

1. Yai la mbu katika dimbwi huchukua siku 7 hadi 14 kuwa mbu kamili.
2. Mbu akimuuma mgonjwa, vijidudu hukomaa ndani yake kwa siku 10 hadi 14 penye joto. Penye baridi huchelewa zaidi, na baridi ikizidi havikomai kabisa.
3. Mtu akiumwa na mbu huyo, mara nyingi homa hutokea baada ya siku 7 hadi 14.

Jumla ni kama wiki nne hadi sita. Tena mvua kubwa huzoa mayai na viluwiluwi. Mbu huwa wengi zaidi mvua inapopungua. Ndiyo maana homa za masika huzidi Mei na Juni, wakati baridi ya kipupwe imekwisha kuanza. Hapo ndipo penye hatari. Mama huona mtoto anatetemeka, humfunika blanketi akidhani ni baridi tu, na siku mbili hupotea.

Hatari ni kubwa zaidi kwa watoto wa Lushoto wanaoletwa Sigi au Muheza kusalimia bibi na babu. Huko juu malaria ni chache, hivyo miili yao haijaizoea. Wakirudi nyumbani, homa huweza kuwashika huko huko kwenye baridi. Mwelezeni mganga kwamba mtoto alikuwa bondeni.

Redio ikitangaza kwamba mvua zitakuwa chini ya wastani, yaani pungufu ya zile za kawaida kwa miaka mingi, msikunje vyandarua. Mto ukipungua huacha madimbwi kati ya mawe, na mbu hutaga humo.

Basi, ndugu wasomaji, tufanye hivi:

– Kabla ya masika na vuli, tushone vyandarua vilivyotoboka. Tulale ndani yake kila usiku, hata ugenini.
– Tufukie madimbwi karibu na nyumba, pamoja na mashimo ya kufyatulia matofali.
– Mama mjamzito asikose kliniki, apewe dawa ya kuzuia malaria kwa wakati wake.
– Mwenye homa apimwe damu siku hiyo hiyo. Akipewa dawa ya mseto, aimalize hata akipata nafuu.
– Mtoto mwenye degedege, anayetapika kila kitu, asiyeweza kunyonya au aliyelegea apelekwe hospitali mara moja, hata usiku.

Mvua ni baraka ya Mungu. Dudumizi akilia, andaa jembe, na chandarua pia.