Je, Wajua? Pasi ya Kiganjani

Je, wajua kuwa si kila pasi ndogo ya kale ilikuwa ya kuchezea? Ulaya na Marekani nyingi zilifanya kazi kwelikweli: kunyoosha lesi, utepe na kola. Za watoto nazo zilikuwepo. Mwaka 1871 Mary Florence Potts wa Iowa, Marekani, alipata hataza ya pasi yenye mpini wa kuchomoa. Ikapendwa mno, hata vijipasi vya kitoto vya mtindo huo vikaundwa, na leo wakusanyaji wanavisaka.

Mtoto wa Tunduma au Mbozi, mkoani Songwe, hana haja ya kungoja vichezeo vya dukani. Gunzi la hindi likifungwa kitambaa ni mwanasesere, visoda ni sahani, mchanga mbichi ni ugali. Kuvikusanya ndiyo kazi: jioni gunzi huenda likaishia jikoni, kwenye moto wa mama.

Na chuma, kinachoundia pasi, si kigeni Songwe. Wanyiha walikiyeyusha zamani katika tanuri ndefu za udongo. Tena kuna Kimondo cha Mbozi, kinachokadiriwa kuwa na tani 16, takribani asilimia 90 chuma. Hicho, bila shaka, hakinyooshi shati.