Kitambue Kisu cha Kuchunia na Mpini Wake

Leo tunazungumza juu ya kile kisu cha zamani ulichoachiwa na mzee, au ulichokinunua mnadani pamoja na makorokoro mengine. Usikitupe, wala usikitumie ovyo. Kwanza kitambue.

Kwa nini tuhangaike? Kwa sababu ngozi ni mali. Ngozi ikitobolewa katikati, mnunuzi huishusha daraja, na bei nayo hushuka. Hata mkato usiotokeza upande wa pili ni hasara, maana ngozi ikifika kiwandani huchanika pale pale. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Anza na umbo. Kisu cha kuchunia kina bapa pana, makali yaliyopinda, na ncha ya mviringo isiyochoma. Kisu chembamba kilichonyooka, chenye ncha kali, ni cha kupasulia. Kitumie kufungua mstari toka kidevuni hadi mkiani, kisha kiweke kando. Ukiona kisu chenye umbo la mwezi mchanga, mpini wake umesimama katikati, hicho ni cha fundi wa ngozi, cha kukatia mezani ngozi iliyokwisha lainishwa. Na kipande cha chuma bapa kisicho na mpini wa mti, kimezungushiwa ngozi tu pa kushikia, ni cha fundi viatu. Hivi viwili usichunie mnyama.

Sasa tazama chuma. Maandishi ya Sheffield au Solingen ni majina ya miji ya Uingereza na Ujerumani iliyosifika tangu zamani kwa visu. Lakini maandishi peke yake yasikudanganye, kwani muhuri waweza kugongwa na yeyote. Safisha bapa, lipake maji ya ndimu, ngoja kidogo. Likiwa jeusi, hicho ni chuma cha kizamani: kinanoleka upesi, ila hushika kutu. Lisipobadilika, ni chuma kisichoshika kutu, aina ambayo Harry Brearley aliitengeneza Sheffield mwaka 1913. Sumaku haitakusaidia, maana yaweza kunasa vyote viwili.

Haya, mpini je? Kama chuma kimepita kati ya vipande viwili vya mti hadi mwisho, na kimefungwa kwa ribiti, huo ni mpini imara. Kama ulimi wa chuma umeingia ndani ya mti mfano wa msumari, tafuta pete ya chuma au shaba shingoni. Kazi yake ni kuzuia mti usipasuke. Pete ikilegea au ribiti ikicheza, kisu kitayumba mkononi mwenye damu na mafuta, kitoboe ngozi au kikukate wewe. Kipeleke kwa mhunzi kabla ya siku ya kuchinja.

Usikiloweke majini usiku kucha. Mti huvimba, ukikauka husinyaa, na mpini hulegea. Kioshe kwa maji ya moto na sabuni, kikaushe, kipake mafuta.

La mwisho, ndugu yangu: mnyama akifa ghafla, akitoka damu puani, usimchune hata kwa kisu kizuri namna gani. Huenda ni kimeta, nacho huua watu. Mwite bwana mifugo.

Basi, jioni ya leo kitoe kisu chako kikitazame. Kwaheri mpaka juma lijalo.