Baiskeli ya mamilioni: Moyo haujui bei yake

Musoma. Asubuhi na mapema, kabla malori ya kwenda Sirari hayajawa mengi, barabara ya lami inayounganisha Bunda, Makutano na Musoma hupitiwa na baiskeli za aina mbili. Kuna zinazobeba mzigo: ndoo za dagaa, madumu ya maziwa, magunia ya mkaa. Na kuna zile nyembamba, tairi kama kidole, mwendeshaji ameinama na kichwani amevaa kofia ngumu.

Baiskeli ya kwanza ilinunuliwa kwa laki kadhaa, na ikiwa ni ya mtumba pengine kwa pungufu ya hapo. Ya pili inaweza kuwa ya milioni moja, milioni tano au zaidi. Katika soko la dunia, baiskeli za barabarani za daraja la juu kabisa huuzwa kwa zaidi ya dola 10,000 za Marekani, yaani takribani Sh25 milioni, kabla ya usafirishaji na kodi. Toleo la juu la Tarmac SL8 la kampuni ya Specialized lilipoingia sokoni mwaka 2023, bei yake Marekani ilikuwa kama dola 14,000.

Hamasa ya kuendesha baiskeli inakua. Msafara wa Twende Butiama, unaotoka Dar es Salaam kwa baiskeli hadi alikozaliwa na kuzikwa Mwalimu Julius Nyerere, umewafanya wazazi wengi watamani kuanza mazoezi, na baadhi wajiandae kwa safari hiyo ya zaidi ya kilomita 1,000. Hilo ni jambo jema kwa afya. Tatizo huanza pale baba au mama anapoaminishwa kuwa bila baiskeli ya mamilioni hawezi kuanza, kisha anakwenda kuchukua mkopo ambao familia nzima italipa.

Je, fedha hiyo inanunua nini hasa?

Daktari aliyerusha sarafu

Mwaka 2010, daktari wa ganzi na usingizi nchini Uingereza, Jeremy Groves, alijiuliza swali hilohilo. Alikuwa na baiskeli mbili. Moja ilikuwa ya chuma, ya mtumba, aliyoinunua kwa pauni 50. Nyingine ilikuwa mpya, fremu yake ya kaboni, ya pauni 1,000. Ya chuma ilikuwa na uzito wa kilo 13.5 na ya kaboni kilo 9.5.

Kila asubuhi alirusha sarafu kuamua aende kazini na ipi. Safari yake ya kwenda na kurudi ilikuwa takribani kilomita 43, umbali usiopishana sana na ule wa kutoka Musoma mjini hadi Butiama. Alipima muda wa safari 56, kisha matokeo yakachapishwa Desemba mwaka huo katika jarida la kitabibu la BMJ.

Tofauti ya wastani kati ya baiskeli hizo mbili ilikuwa kama nusu dakika, katika safari iliyochukua karibu saa moja na dakika 48. Kitakwimu, tofauti hiyo haina maana yoyote. Pauni 950 za ziada hazikumfikisha kazini mapema.

Ni kweli kwamba hilo ni jaribio la mtu mmoja, na toleo la Krismasi la jarida hilo hujulikana kwa mada za kuchangamsha. Hata hivyo, muda wenyewe ulipimwa kweli, na daktari huyo alitoa hitimisho linalomfaa mzazi yeyote: mtu anayetaka wepesi barabarani anaweza kunufaika zaidi, na kwa gharama ndogo, akipunguza uzito wa mwili wake badala ya uzito wa baiskeli.

Kwa nini bei haileti kasi

Jibu lipo kwenye hewa. Katika barabara tambarare, mwendeshaji anapokimbia, sehemu kubwa ya nguvu zake huishia kusukuma upepo. Na kinachozuia upepo zaidi ni mwili wake mwenyewe, wala si baiskeli. Yeyote aliyewahi kuendesha kuelekea ziwani mchana, upepo wa Ziwa Victoria ukimpiga kifuani, analijua hilo. Kuinama vizuri na kuvaa nguo zisizopepea husaidia sana, na hakuna anayetoza mamilioni kwa hayo.

Uzito huonekana kwenye milima. Hapo pia hesabu ni rahisi. Chukua mfano wa mtu mwenye kilo 80 akiwa na baiskeli ya kilo 11. Jumla ni kilo 91. Akinunua baiskeli ya kilo saba, jumla inakuwa kilo 87. Amepunguza kilo nne, sawa na asilimia nne na ushei. Kwenye mwinuko unaomchukua dakika 20, ataokoa muda usiofika dakika moja.

Sasa mtu huyohuyo akipunguza kilo nne za tumboni, kule mlimani atapata nafuu ileile. Zaidi ya hapo, shinikizo la damu linaweza kushuka, magoti yatapumua na hatari ya kisukari itapungua. Baiskeli ya kilo saba haifanyi hayo mpaka mtu aipande, na hata baiskeli ya kilo 18 huyafanya ikipandwa.

Nani anaihitaji?

Si haki kusema baiskeli hizo ni upuuzi. Kwa mwanamichezo anayelipwa ili ashinde, sekunde kumi ni tofauti ya medali na mikono mitupu. Biniam Girmay wa Eritrea alipotwaa ushindi wa hatua tatu na jezi ya kijani katika mashindano ya Tour de France ya mwaka 2024, baadhi ya ushindi huo uliamuliwa mita za mwisho. Septemba 2025, wakati mashindano ya dunia ya baiskeli yalipofanyika Kigali, Rwanda, mara ya kwanza katika bara la Afrika, Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda mbio za wanaume akiwa juu ya mashine ya daraja hilo.

Lakini hata huko kuna mpaka. Shirikisho la mbio za baiskeli duniani, UCI, haliruhusu baiskeli yenye uzito wa chini ya kilo 6.8 katika mashindano. Wapinzani wa bingwa nao wanatumia baiskeli za bei kama yake. Kinachowatofautisha ni mapafu, miguu, mazoezi na akili ya mbio.

Kwa mzazi anayeendesha Jumamosi na Jumapili, kuna hatua moja ya bei ambayo kweli huonekana: kutoka baiskeli nzito isiyo na gia, yenye breki za kubahatisha, kwenda baiskeli nzuri ya gia, yenye fremu inayolingana na mwili na breki za kuaminika. Baada ya hapo, kila milioni inayoongezwa hununua faida ndogo kuliko milioni iliyotangulia.

Gharama isiyoandikwa dukani

Kuna jambo jingine ambalo mnunuzi wa Musoma, Bunda au Butiama anapaswa kulipima kuliko mnunuzi wa London. Baiskeli ikiharibika, nani ataitengeneza?

Fundi baiskeli wa kona ana vifaa vya kuziba pancha, kubadili cheni, kunyoosha rimu na kukaza spoki. Hiyo ni huduma ya thamani kubwa, na iko karibu na nyumbani. Lakini baiskeli nyingi za bei ya juu hubadili gia kwa umeme na betri, breki zake hutumia mafuta, na boliti za fremu ya kaboni hukazwa kwa spana maalumu inayopima nguvu. Ukikaza kupita kiasi, kaboni hupasuka. Kipuri kikikosekana, huagizwa kutoka mbali, na baiskeli ya mamilioni hulala sebuleni wiki kadhaa huku mwenyewe akirudi kukaa kwenye kochi.

Anayetaka kununua kaboni ya mtumba awe mwangalifu zaidi. Chuma kikigongwa mara nyingi hupinda na mtu akaona. Kaboni iliyogongwa inaweza kuwa na ufa ndani usioonekana kwa macho, kisha ikakatika ghafla mtu akiwa kwenye mteremko. Bei nafuu ya fremu kama hiyo inaweza kuishia kuwa gharama ya hospitali.

Fedha ianzie wapi?

Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Hizo dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Kwa watoto wa miaka mitano hadi 17, pendekezo ni wastani wa dakika 60 kila siku. Hakuna mahali shirika hilo lilipotaja bei ya chombo. Moyo unachojua ni kwamba umepigishwa kazi.

Kwa hiyo, mzazi mwenye fedha ya kununulia baiskeli anaweza kuigawa kwa mpangilio huu.

Kwanza, kipimo cha mwili. Baiskeli isiyolingana na mtu humuumiza mgongo, shingo na magoti, hata kama ni ya Sh25 milioni. Siti ikiwa sawa, goti hubaki limekunjwa kidogo pedali inapofika chini kabisa. Ganzi sehemu za siri baada ya safari si jambo la kuvumilia: ni dalili kwamba siti au mkao vinabana mishipa, na vinapaswa kurekebishwa.

Pili, breki na tairi. Tairi pana kidogo hustahimili kokoto na mashimo ya pembeni mwa barabara kuliko tairi nyembamba ya mashindano.

Tatu, kofia ngumu. Uchambuzi wa tafiti uliofanywa chini ya mtandao wa Cochrane ulionyesha kuwa kofia hiyo hupunguza hatari ya majeraha ya kichwa na ubongo kwa asilimia 63 hadi 88 kwa mwendeshaji anayepata ajali. Hakuna sehemu ya kaboni yenye faida kama hiyo. Kofia ikae sawa juu ya paji la uso, vidole viwili juu ya nyusi, na mikanda ifungwe. Iliyokwisha kupigwa kwenye ajali isitumike tena.

Nne, taa ya mbele, taa ya nyuma na nguo inayong'aa. Barabara ya Mwanza hadi Sirari ina mabasi na malori ya masafa marefu, na dereva hawezi kumkwepa asiyemuona.

Tano, kupima afya. Mwenye umri wa zaidi ya miaka 40, au mwenye shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya kifua, apite kituo cha afya kabla ya kuanza safari ndefu. Kipimo cha presha huchukua dakika chache.

Watoto wasisahaulike

Mara nyingi baba hupata baiskeli iliyomtosha barabara, huku mtoto akinunuliwa kubwa "ili akue nayo". Hilo ni kosa la hatari. Mtoto akikaa kwenye siti, miguu yake inapaswa kugusa chini, na vidole vyake vifikie breki na kuzibana bila kujinyoosha. Baiskeli asiyoweza kuisimamisha haimfai, hata ikiwa zawadi ya shangazi kutoka Dar es Salaam.

Hesabu ya mwisho ni hii. Baiskeli moja ya Sh25 milioni ina thamani ya baiskeli 50 za Sh500,000. Hakuna familia inayohitaji baiskeli 50. Lakini familia ya watu watano ikipata baiskeli tano za bei hiyo, itakuwa imetumia Sh2.5 milioni, sehemu moja ya kumi tu. Zinazobaki zinaweza kuwa kofia ngumu, ada ya shule, bima ya afya, au deni ambalo halikukopwa.

Anayemudu baiskeli ya mamilioni bila kugusa mahitaji ya nyumbani, na anayeipenda kama mwingine anavyopenda gari, hana wa kumuuliza. Fedha ni yake na furaha ni yake. Ila ajue ananunua furaha. Afya imo pia kwenye ile ya laki tano.

Katika Makumbusho ya Mwalimu Nyerere pale Butiama, miongoni mwa vitu vya Baba wa Taifa vilivyohifadhiwa ni baiskeli. Oktoba 1967, kiongozi huyo alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza kuunga mkono Azimio la Arusha. Mzazi anayesubiri baiskeli ya ndoto yake ndipo aanze mazoezi anaweza kuanza kesho asubuhi kwa aliyonayo, hata ile ya kubebea madumu. Aongeze upepo kwenye tairi, ajaribu breki, avae kofia, kisha amwite mtoto waende wote.